Baba Aliye Kivulini

Mzee Tiketi hakuwa mtu wa kusikiliza maneno ya watu dirishani. Alizoea kuwauliza ana kwa ana, wao wamekaa na yeye amesimama. Utu uzima wake wote aliumalizia ndani ya treni akikagua tiketi, behewa baada ya behewa, na alipostaafu aliirudisha kofia ya kazi lakini jina akabaki nalo, na tabia pia. Mtu akiingia nyumbani, mzee alimtazama mikononi kwanza, ndipo akamtazama usoni.

Asubuhi ile sauti ndiyo iliyomfuata. Alikuwa amekaa kitandani anavaa soksi, katika chumba cha nyuma alichopewa na mwanawe baada ya kufiwa na mkewe. Kilikuwa chumba kizuri, kikavu, chenye kabati la milango miwili. Kasoro yake ni kwamba dirisha lilitazama ua wa seng'enge, na ng'ambo ya ua palisimama ghala la jirani, refu, lililolimeza jua lote. Hata mchana wa kiangazi, ardhi ya pale ilikuwa na unyevunyevu na rangi ya chai iliyolala.

Nje ya dirisha hilo, mkwe wake, mke wa mwanawe, alikuwa anaongea na simu huku amejiziba sikio la pili kwa kidole.

"Ya njano yana sumu?" alikuwa anauliza. "Kali? ... Aa. Kwa hiyo ndege akila hafi, ila mtu ndiyo hatari. ... Na mzee je? Mzee akila kidogo tu, kwa bahati mbaya? ... Kutapika na kuzimia. Mh! Makubwa."

Soksi ikakwama katikati ya unyayo.

Hatua zilikwenda, zikarudi. Sauti iliposikika tena ilikuwa karibu kabisa na dirisha.

"Baba? Mbona baba tunaye! Yupo hapa hapa nyuma, kivulini, siku zote. ... Hamna, hazai kitu, anachukua nafasi tu. Mume wangu ndiye aliyemleta, na anampenda huyo, ukimgusa utamsikia. Lakini mimi naona tumtoe. ... Jumamosi ni sawa, mume wangu atakuwa kazini. Njoo na panga."

Mzee Tiketi hakungoja zaidi. Mtu ambaye hakuwahi kutoka kwenye behewa kabla ya kufika kiti cha mwisho, siku hiyo alitoka mazungumzo yakiwa katikati. Alipita jikoni kimyakimya, akafungua geti, akaenda zake na soksi moja mguuni na nyingine mkononi.

Kinyozi wa mtaani, rafiki yake, alikuwa ndio kwanza anafagia kibanda chake. Alipomwona mzee mlangoni alisimamisha ufagio.

"Shikamoo, mzee wangu. Leo soksi moja? Nyingine imekosa tiketi?"

"Marahaba. Funga mlango."

"Nifunge mlango saa hizi? Wateja watadhani nimekufa."

"Funga. Kuna mtu atakufa kweli."

Kinyozi akafunga. Mzee akakaa kwenye kiti cha kunyolea, akamweleza yote: sumu, kutapika, kuzimia, baba aliye nyuma kivulini, Jumamosi, panga. Kinyozi alikuwa mtu wa kupenda habari, na habari ikiwa mbaya aliipenda zaidi. Alisikiliza huku akipiga makofi ya polepole na kusema "Ebo!" kila baada ya sentensi.

"Na mkweo anafanya kazi wapi vile?" aliuliza, ingawa alijua.

"Duka la dawa."

"Ebo! Basi dozi anazijua."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Lakini mzee, huyu binti si ndiye alikuwa anatafuta miti ya kupanda uani? Ile ya kuita ndege?"

Ni kweli. Wakati mmoja, wakila chakula cha jioni, mkwe alitangaza kwamba anataka kupanda vichaka kando ya ua wa nyuma, aina inayovumilia kivuli na kuzaa vitunda, ili ndege waje. Mzee alimkodolea macho. Aliwajua watu waliopanda miti wapate matunda, au kuni, au wagombane vizuri na jirani juu ya mpaka. Mti wa kumpandia ndege ale aondoke, huo haukumwingia akilini. Katika kazi yake alijifunza kwamba abiria mwenye maelezo mazuri kupita kiasi, huyo ndiye hana tiketi.

"Ndege ni kisingizio," alisema. "Nani anamwalika mgeni asiyejua hata kusema asante?"

Kinyozi alikuna kidevu. "Basi sikiliza ushauri wangu. Kula vitu vyenye maganda. Yai la kuchemsha, ndizi, chungwa. Ndani ya ganda haingii mtu."

Mzee akaondoka na ushauri huo kama vile ameandikiwa na daktari.

Kuanzia hapo, nyumba ile ikawa na mlaji mpya. Chai alisema inampa kiungulia. Mchuzi alisema una chumvi, kabla hajauonja. Alichukua yai, akaligeuza kwenye mwanga akitafuta ufa, akalimenya mwenyewe mbali na meza.

"Baba siku hizi mayai tu," mkwe alisema akijaribu kucheka. "Tutamtafutia kuku wake mwenyewe."

"Yananitosha," mzee alijibu akimtazama mikono. Ilikuwa na udongo chini ya kucha. Muuza dawa mwenye udongo chini ya kucha!

Alipozunguka nyuma ya nyumba alielewa udongo ulikotoka. Kando ya ua yalikuwa yamechimbwa mashimo, safi, yamepangwa kwa kamba, moja mbele ya dirisha lake kabisa. Kati yake kilisimama kile kichaka kikubwa cha majani mazito alichokipanda mwanawe walipohamia, kilichokuwa hakijawahi kutoa hata kitunda kimoja. Mzee hakukitazama mara mbili. Alikuwa anapima mashimo kwa macho. Kwa mti yalikuwa makubwa. Kwa mtu yalikuwa madogo, lakini mtu hukunjika.

Akampigia simu binti yake, anayeuza vitambaa mji mwingine, na akaongea kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Nilikuwa nafikiri nije kukaa kwako kidogo, mwanangu."

"Karibu sana, baba. Ila unajua kwangu ni chumba kimoja na nusu, na hiyo nusu ndiyo jiko. Hata kaka nilimwambia hivyo hivyo aliponigusia."

"Alikugusia nini?"

"Eh? Aa, kitu kidogo tu."

"Alikugusia nini, mama?"

"Mtandao mbaya, baba. Nitakupigia."

Hakupiga. Mzee alikaa na simu mapajani mpaka kioo kikazimika. Sumu aliweza kuikwepa kwa mayai. Panga aliweza kulifungia mlango. Lakini hili la mwanawe kumtafutia mahali pa kwenda bila kumwambia lilimkaa kifuani, likakataa kushuka. Maishani mwake alikuwa amewateremsha watu wengi kwenye stesheni wasizozijua, na wote walikuwa na uso mmoja, uso wa mtu anayejifanya kwamba hapo ndipo alipotaka kushuka. Aliuogopa uso huo. Hakutaka kuuvaa katika nyumba ya mtoto wake.

Mwanawe, fundi wa mafriji, alirudi jioni akinuka gesi na jasho. Mzee alimngoja mlangoni.

"Jumamosi unafanya kazi?"

"Ndiyo, baba. Kuna bucha friji lake limekufa. Kwani vipi?"

"Nauliza tu. Una lolote la kuniambia?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alitazama sufuria. "Hapana, baba," alisema, na akaenda kuoga haraka mno.

Mzee hakuhitaji ushahidi mwingine. Usiku ule alipanga nguo zake kwenye sanduku, taratibu, mashati chini na picha ya mkewe juu. Kama ni kutoka, angetoka mwenyewe, amevaa viatu, mchana kweupe.

Jumamosi asubuhi, mwanawe alipokwisha kuondoka, mzee alibeba kigoda cha jikoni akakiweka ndani ya geti, sanduku ubavuni, akakaa. Mkwe alikuwa anafua upande wa pili, redio ikiimba. Haukupita muda, mkokoteni ukasikika ukigonga mawe ya barabarani, na mtu akabisha hodi.

Alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia ya majani makavu. Mkokoteni wake ulijaa miche ndani ya mifuko myeusi, na juu ya miche lililala panga lililonolewa likang'aa.

"Hodi hapa! Mzee wangu, shikamoo. Mimi ndiye muuza miche. Mama yupo?"

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nimekuja kumkata baba."

Alilisema vile vile mtu anavyosema nimekuja kusoma mita ya maji. Mzee Tiketi alilivuta sanduku karibu na mguu wake.

"Kumkata," alirudia.

"Mpaka magotini. Mama alitaka tumtoe kabisa, mimi nikamwambia hapana, baba hatolewi hovyo. Tumpunguze tu. Akikatwa magotini anachangamka, utaona mwenyewe."

"Na asipochangamka?"

"Basi mizizi tunaichoma." Muuza miche alishika panga, akasukuma geti kwa bega. "Yuko wapi? Mama alisema yuko nyuma, kivulini."

Mzee akasimama. Aliinua mkono wa kulia, kiganja mbele, kama zamani kwenye mlango wa behewa.

"Baba ni mimi," alisema. "Hakuna wa kunikata, na hakuna wa kunitoa. Natoka mwenyewe. Sanduku langu hili hapa."

Muuza miche alimtazama mzee, akatazama sanduku, akatazama panga mkononi mwake. Mdomo ulimfunguka taratibu. Kisha kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka kofia ikaanguka.

"Mzee! Ole wangu! Baba ni mti!"

Mkwe alikuja mbio, mikono imejaa povu. "Kuna nini? Baba, hilo sanduku la nini?"

Muuza miche alijaribu kueleza, akashindwa, akajifuta machozi kwa mkono wa shati, akaanza upya. Miti ya aina hii, alisema, ina wa kike na wa kiume. Unaozaa vitunda ni wa kike, nao hauzai vizuri kama wa kiume hauko karibu, maana wadudu huchukua vumbi la maua ya huyu wakampelekea yule. Wauza miche kwa mazoea yao wanasema mama na baba, hawana jina lingine. Kile kichaka kikubwa cha uani kilikuwa baba, ndiyo maana hakijawahi kuzaa.

"Jina la baba nililijua, kazi yake nilikuwa siijui," mkwe alisema polepole. Alianza kuelewa, na kadiri alivyoelewa uso wake ulizidi kukosa damu. "Nilidhani ni mti mgumba. Nikataka tuung'oe. Huyu akanikataza, akaniambia bila baba, mama hawatazaa. Tukakubaliana apunguzwe tu, asiwafunike wenzake. Baba, ulinisikia kwenye simu?"

"Nilisikia sumu," mzee alisema. "Nilisikia mzee akila."

"Ya njano! Kuna mti wa vitunda vya njano, unapendeza sana, lakini una sumu kwa watu. Nikauliza kwa sababu dirisha lako liko pale na wewe ni mtu wa kuonja onja. Nikaukataa. Mforsadi nao unataka jua. Ndio tukabaki na huu wa vitunda kama shanga, haudai jua, ndege wanaupenda, na hata mtu akila hadhuriki."

Muuza miche bado alikuwa anacheka kidogo kidogo. Mkwe hakucheka. Alikuwa anatazama povu likikauka kwenye vidole vyake.

"Kwa hiyo mayai," alisema.

Mzee alitazama sanduku lake.

"Siku zote hizi hukula changu kwa sababu ulidhani nitakuua."

Hapo muuza miche alikumbuka kwamba mkokoteni wake uko juani, akausukuma kuelekea nyuma ya nyumba bila kuambiwa.

Aibu ilimpanda mzee, lakini aibu haikuziba jicho la mkaguzi. Kuna swali lilikuwa halijajibiwa, na hakuweza kuliacha kitini.

"Na kunihamishia kwa dada wa mumeo," alisema. "Hilo nalo ni mti?"

Redio iliendelea kuimba peke yake. Mkwe alijifuta mikono kwenye kanga, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Hapana," alisema. "Hilo si mti. Hilo tulilisema kweli. Na aliyeanza kulisema ni mimi, mwanao alibebeshwa tu kuuliza."

Mzee akarudi kukaa kwenye kigoda.

"Nimechoka kukaguliwa, baba. Nikitoka sokoni unatazama mikono. Nikichelewa unatazama saa. Nikifungua kabati langu mwenyewe nakukuta mlangoni. Nyumbani kwangu natembea kama abiria aliyepanda bila nauli. Nikamwambia mume wangu, ama baba aende kwa dada, ama mimi nitapasuka."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Ningekuambiaje? Ungetaka ushahidi." Alicheka kidogo bila furaha, kisha akachuchumaa ili macho yao yalingane. "Halafu siku moja nikakuona dirishani. Kulikuwa na ndege mmoja kwenye seng'enge, kashika kitu mdomoni. Ulimtazama mpaka akaruka. Hukumwuliza mtu chochote asubuhi nzima. Nikasema, kumbe! Shida si mzee kukagua, shida ni kwamba hapa ndani hana mwingine wa kumkagua ila mimi. Nikamwambia mume wangu tungoje kwanza. Tumletee mzee ndege. Wengi. Wenye fujo. Nikishindwa na hilo, ndipo tuongee habari za dada."

Kwa mzee lilikuwa jambo la ajabu kusikia, kwamba mtu alimchunguza yeye kwa makini kiasi hicho bila yeye kujua, na alichokitafuta hakikuwa kosa. Alitaka kukasirika, kwa sababu ni kweli walipanga kumtoa. Akajaribu. Hasira ilifika nusu njia ikaishiwa nguvu, maana yule aliyemwambia ukweli huo alikuwa amechuchumaa mbele yake na magoti kwenye vumbi, na alikuwa hajaficha kitu.

"Nisamehe, mwanangu," alisema mwishowe. "Kuhusu mayai."

"Na mimi nisamehe. Kuhusu dada." Akavuta pumzi. "Sasa sanduku linaenda wapi?"

Mzee alinyanyuka akaelekea uani, na mkwe akamfuata. Muuza miche alikuwa amekwisha kumkata baba mpaka magotini na sasa alikuwa anagawa miche kwenye mashimo. Mzee alisimama juu yake.

"Hii yote ni mama?"

"Yote, mzee wangu."

"Umejuaje? Haina maua. Haina chochote. Nami naona majani tu."

"Nimeikata kwenye mama mwenyewe, mzee, nikaitia udongoni ikachipua. Kijiti cha mama ni mama."

"Ulikikata mwenyewe, kwa mkono wako?"

Muuza miche akajikuna shingo. "Mingi yake. Mingine alikata shemeji yangu."

"Aha!" mzee alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mzee afiwe na mkewe, mkwe alisikia uchangamfu katika sauti ile. "Na shemeji yako ni mtu wa kuaminika?"

"Shemeji? Aa... ni shemeji."

Mkwe aliuziba mdomo kwa kanga.

"Itazaa lini?" mzee aliuliza.

"Mwaka wa pili itatoa maua, hapo ndipo utajua kwa hakika nani mama nani baba. Wa tatu, vitunda. Ndege watakuja wenyewe, hata usipowaita."

Mzee aliinama kwa taabu, akachukua mche wa shimo lililokuwa mbele ya dirisha lake, akaugeuza juu chini, akakagua mizizi. Kisha akautia shimoni, akaushika wima kwa mikono miwili.

"Mwanangu," alimwambia mkwe bila kugeuka, "sanduku lirudishe chumbani. Mpaka mwaka wa tatu siwezi kwenda popote. Huyu bwana na shemeji yake siwaamini hata kidogo."

Mkwe alichota udongo kwa viganja, akaanza kuujaza kuzunguka shina, na mikono yao ikagusana humo shimoni.

"Usiuinamishe, baba," alisema. "Unaenda kushoto."

"Hauendi kushoto."

"Unaenda."

Mzee akautazama vizuri, akaunyoosha.